Aliyekwenda Musoma Kusimama

Mwaka ule naukumbuka kupitia mvuke. Nilikuwa nauza supu ya makongoro ubavuni mwa bucha ya baba yangu, mtaa wa Kabasa, pale Bunda, na tangu alfajiri hadi jua likaze, uso wangu ulikuwa juu ya sufuria. Watu walinitokea humo kidogo kidogo: kwanza sauti, halafu mkono unaoomba ndimu, halafu mtu mzima. Mpaka leo siwezi kuapa nani alisema nini siku gani. Asubuhi zote zile zimeungana zikawa moja, ndefu, yenye harufu ya ndimu na mifupa, na ndani yake wanaume wanabishana juu ya mtu mmoja.

Mtu huyo alikuwa mchumba wangu, au tuseme alitaka kuwa. Alikuwa mtu wa ziwani, wa kijiji kimoja cha rasini, akibeba magunia ya dagaa pale Mwigobero, bandari ndogo ya Musoma. Kila lori la dagaa lilipokuja Bunda alikuja nalo, akashuka, akanywa supu yangu bila kuniangalia, akaondoka. Jioni, huko Musoma, alifanya mazoezi ya ngumi na wapagazi wenzake. Hakuwa bondia wa kutisha. Alikuwa na mikono mirefu na miguu ya mtu aliyezoea kusimama ndani ya mtumbwi, basi.

Ilikuwa miaka ile sabuni ilipoanza kurudi madukani. Tulikuwa tumetoka kwenye foleni za sukari na viraka juu ya viraka, na sasa kila mtu alikuwa anajaribu biashara yake. Mwenye mashine ya kusaga alinunua spika mbili kubwa akawa mwenye muziki. Mwenye lori akajiita promota. Promota huyo ndiye aliyemleta bingwa wa kanda kutoka Mwanza aje apigane Musoma, na bondia aliyepangwa kukutana naye alipolazwa kwa malaria, wakatafuta mwingine wa uzito ule ule. Wakampata wangu.

Wazee wake walikuwa wamekwisha kufika kwetu kuniposa. Baba aliwasikiliza, akawapa chai, kisha akawaambia, "Hilo pambano lipite kwanza. Mtu akiangushwa chini mbele za watu, msirudi kwangu."

Hakusema kwa hasira. Baba alizaliwa Butiama, kwa watu wa ng'ombe, na kwake yeye mwanaume alipimwa siku moja tu, siku ya jando, anaposimama mbele ya kisu na ukoo mzima unamtazama kope. Akipepesa imekwisha, atazeeka akiitwa yule aliyepepesa. Baba aliipima dunia yote kwa kipimo hicho. Hata ng'ombe wa kuchinja aliwasifu waliotulia.

Nilimpa mchumba wangu habari hiyo wakati namchotea supu. Akafikiri mpaka supu ikapoa.

"Yule mimi siwezi kumpiga," akasema. "Nimemwona akipiga watu. Nitaenda kusimama tu. Kengele ya mwisho inikute nimesimama."

Jirani yake kwenye benchi alikuwa fundi cherehani, naye mtu wa ziwani, mwenye mdomo usiotunza kitu. Kabla ya mchana Kabasa yote ilijua kwamba kuna bondia anakwenda ulingoni bila nia ya kushinda. Kesho yake benchi langu likajaa. Sijawahi kuuza supu vile.

"Hiyo ndiyo akili," alisema fundi. "Kwetu upepo ukikukuta katikati ya maji, hupigani nao. Unashusha tanga, unaelekeza mdomo wa mtumbwi kwenye wimbi, halafu mnateka maji yaliyoingia mnamwaga. Mnateka tu. Upepo ukipita, unarudi mwaloni unakula ugali wako."

"Huyo haendi kuvua, anaenda kupigana," baba akajibu kutoka kwenye gogo lake la kukatia nyama. "Nyie watu wa ziwani mnatahiriwaga kwa sindano ya ganzi. Mtajulia wapi mambo ya kusimama?"

Benchi lote likacheka, na fundi akacheka nao, kisha akarudi pale pale.

"Mzee, umesema asianguke. Yeye anasema haanguki. Sasa unataka nini tena?"

"Nimesema asianguke. Sikusema aende kujificha."

"Kumkumbatia mwenzako ulingoni ukichoka ni kujificha?"

"Mwanaume anakumbatiaga mwanaume mwenzake msibani."

Nilicheka na mimi, halafu nikakasirika kwa kucheka. Nilikuwa na hasira nao wote, hata fundi aliyekuwa upande wetu. Walimgeuza na kumpima kama paja la nyama, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza mimi. Mimi ningempokea hata akiletwa amebebwa. Nilimpenda, na nilikuwa tayari kupanda lori la dagaa naye siku yoyote, kama wasichana wengine walivyofanya. Yeye ndiye aliyekataa. Alisema hataki kuingia kwetu kama mwizi.

Wiki zile alianza kunitazama, na ubaya ni kwamba kila aliponitazama alikuwa ananiuliza habari za jando la kwetu. Je, ni kweli wanasimama bila kushikwa? Hata kope haichezi? Na watu wanafanya nini? Nilimjibu yote, nikidhani anajifunza ukwe. Aliitikia polepole, macho yako mbali, na mvuke unapita kati yetu.

Pambano lilikuwa Jumapili mchana, baada ya watu kutoka kanisani. Tulikwenda Musoma nyuma ya lori, baba, fundi na mimi, tumekalia magunia matupu yanayonuka dagaa. Ukumbi ulikuwa karibu na ziwa, na mwanga wa maji uliingia madirishani ukawa unacheza darini juu ya vichwa vyetu, hata ulingo ukaonekana kama unaelea. Nakumbuka nilikuwa natazama dari zaidi ya watu. Kinga yake ya meno ilikuwa imechongwa kutoka kwenye kandambili ya bluu, na alipoiuma alionekana mtu mgeni.

Raundi ya kwanza alifanya kama alivyosema. Aliyumba, akarudi, akateleza pembeni, akipatikana anakumbatia. Yule wa Mwanza alikuwa mzuri kumtazama, sitamnyima sifa yake, lakini ngumi zake nyingi zilipita hewani. Watu wakapiga miluzi. "Si umuoe kabisa!" mmoja alipaza sauti, na ukumbi ukaangua kicheko. Fundi alikuwa anatikisa kichwa kwa raha. Mimi nilianza kupumua.

Raundi ya pili, baba, ambaye hajui kunong'ona, akasema, "Anapepesa."

Tulikaa karibu sana na kamba. Nilimwona mchumba wangu akigeuza uso kidogo, akamwona baba. Halafu akafanya jambo ambalo bondia yeyote mwenye mwalimu asingelifanya. Akashusha mikono ikaning'inia. Akanyoosha mgongo. Akafungua macho yote mawili, akasimama.

Bingwa mwenyewe alisita, akamtazama mwamuzi. Kisha akapiga, maana ndicho alichokuja kufanya. Akapiga tena. Kichwa kilikwenda na kurudi, na macho hayakufumba. Ukumbi ukanyamaza, na katika kimya kile nilisikia maji ya ziwa yakipiga mawe nje.

"Anafanya nini huyu?" baba akauliza.

"Anafanya ulichosema, baba."

Baba alinyanyuka. Sijui kama alikuwa anazungumza na mimi. "Lakini kisu kinakataga mara moja tu," akasema. "Huyu wa Mwanza atamuua."

Fundi alikuwa amekwisha simama juu ya kiti, anapiga kelele, "Teka maji! Teka maji!" Watu wa Musoma wakageuka kumtazama, wakidhani amelewa. Na baba yangu, ambaye hajawahi kupanda mtumbwi, aliyekuwa anavuka hata mto mdogo kwa manung'uniko, akashika kamba ya ulingo kwa mikono miwili na kupiga kelele na yeye, kwa sauti ya kuita ng'ombe, "Teka maji, mtoto! Teka!"

Mikono ikapanda. Taratibu, kama mtu anayeamshwa, lakini ikapanda. Raundi zilizobaki sikuziona vizuri kwa sababu nilikuwa nalia, na siombi radhi kwa hilo. Naona tu mgongo wake ukiinama na kuinuka, ukiinama na kuinuka, na baba kando yangu sauti imemkauka, bado anamwambia ateke. Hakushinda raundi hata moja. Goti lake halikugusa chini.

Kengele ilipogongwa mara ya mwisho, mwamuzi aliinua mkono wa bingwa na watu wakashangilia kidogo, wakaanza kutoka. Bingwa akashuka. Vijana wakaanza kufungua kamba. Mchumba wangu alikuwa bado amesimama pale pale katikati, mikono ubavuni, damu inamtoka puani, macho wazi, hatikisiki. Wapagazi wenzake walimwita kwa jina. Mmoja alimvuta kiwiko. Hakusogea.

Mimi nilijua. Kwetu anayetahiriwa hakai kisu kinapoondoka. Husubiri amesimama mpaka mtu wa ukoo wake amfunike nguo na kumwambia akae, na mtu baki haruhusiwi kufanya hivyo, hata awe rafiki kiasi gani. Nilikuwa nimemsimulia mwenyewe, na alikuwa ameshika kila neno. Ila ukumbini mule hapakuwa na mtu wa kwao hata mmoja, na mimi ni mwanamke. Nilihisi angesimama vile mpaka aanguke, baada ya yote yale.

Baba alipanda ulingoni. Alipita chini ya kamba kwa shida, kwa sababu ya tumbo lake, na baadhi ya watu wakacheka. Akavua koti lake la mitumba, la pekee alilokuwa nalo, akamfunika mabegani na kulifunga kifungo cha juu. Kisha akamwambia neno moja kwa lugha ya nyumbani, neno ambalo nilimsikia akiwaambia kaka zangu wawili tu, kila mmoja siku yake ya jando.

Mchumba wangu hakuijua lugha ile. Alinitafuta kwa macho mpaka akanipata pale chini, kwenye kamba.

"Amekwambia ukae," nikasema.

Akakaa.