Noela na Maneji ya Papa

Chuma kinapokwaruza chuma kwa kukosa grisi, hutoa mlio mkavu unaoingia mpaka kwenye meno. Juzi niliusikia nikipita mbele ya garaji moja huko Birere, nikasimama barabarani kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.

Papa, baba yetu, alikuwa fundi wa malori yaendayo miji ya Kiwanja na Bunagana. Siku moja alileta nyumbani kitovu cha gurudumu la lori lililoharibika, akakisimamisha kwa simenti kati ya mawe meusi ya uwanja wetu. Juu yake akafunga mbao kwa duara, na katikati akaweka nguzo ya kushika. Tuliiita maneji, bembea ya kuzunguka, na ilipozunguka ilitoa mlio uleule. Hapakuwa na watoto matajiri kuliko sisi mtaa mzima.

Dada yangu mkubwa, Noela, ndiye aliyeitawala. Alisukuma akikimbia mpaka sketi ikajaa upepo, kisha akaruka juu. "Muingie!" alipiga kelele, nasi wadogo tulijisogeza kwenye nguzo, na maneji ikaanza kukimbia bila kusukumwa. "Mutoke!" Tulirudi ukingoni, tukajinyoosha nje, nayo ikatulia. Mimi niliamini kwamba kile chuma kilimtii Noela. Nilijaribu hata peke yangu, nikakaa katikati na kuamrisha kwa sauti yake, hakikujongea.

Siku ile kulikuwa na vita upande wa Kibati. Milio ya mbali tulishaizoea, na Mama alituruhusu kucheza mradi tusitoke uani. Noela alikuwa ametusukuma kwa nguvu na kuruka juu, bomu lilipoanguka karibu, nyuma ya nyumba za jirani. Vumbi likafunika jua. Wadogo wote tukaikimbilia nguzo, tukakumbatiana pale kama vifaranga. Maneji ikashika mwendo ambao hatukuwahi kuuona. Ukuta, mlango, migomba, vyote vikawa mstari mmoja.

"Mutoke katikati! Mutoke inje!" Noela alilia.

Hakuna aliyesikia. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa anateleza mikononi mwangu. Nilipofungua macho nilimwona Noela peke yake ukingoni, ameshika ubao kwa vidole, mwili wote ameutupa nje. Mwendo ukapungua, niliuhisi ukipungua. Kisha vidole vikauachia ubao.

Pale uwanjani hapakuwa na udongo laini. Yalikuwa mawe matupu ya volkano.

Baada ya kumzika, Papa aliivunja maneji kwa nyundo. Mama hakulia. Alikasirika. Kila aliyekuja kutupa pole alipata jibu lilelile: "Alikuwa anajionyesha. Bomu zinaanguka, yeye anacheza." Aliendelea kusema hivyo miaka yote, akipika, akifua, kama anayemgombeza mutoto aliye chumba cha pili.

Nilipokuwa sekondari, prof wa fizikia alimketisha mwenzetu kwenye kiti cha kuzunguka, mawe mawili mikononi, akamzungusha. Mwenzetu alipoyavuta mawe kifuani, kiti kilikimbia. Aliponyoosha mikono, kilipunguza mwendo. Darasa lilicheka. Mimi niliomba ruhusa ya kutoka, nikaenda mbio mpaka nyumbani.

Mama alikuwa anachambua maharagi.

"Mama, Noela hakuwa anajionyesha. Alijitupa nje ili mwendo upungue, tusianguke. Tumejifunza leo."

Mkono wake ukasimama ndani ya sahani.

"Alijua?"

"Alijua. Alikuwa anatuchezesha hivyo kila siku."

Nilidhani namletea faraja. Nilingoja anikumbatie. Mama aliweka sahani chini, akaingia chumbani, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akimlilia binti yake, kilio kirefu kilichowaleta majirani mlangoni wakiuliza nani amekufa. Tangu siku hiyo hakumgombeza Noela tena. Wala hakuwa tena yule mama mwenye sauti kali aliyetulea. Leo, nikiwa na watoto wangu, ndipo naelewa kwamba ile hasira ndiyo iliyomwezesha kuamka asubuhi na kutupikia, na mimi ndiye niliyemwondolea.