Wanawake Wawili na Kreti

"Wewe kama ungeingia kwenye mizabibu hata mara moja wakati wa mavuno, usingenichagulia trekta kwa kutazama paa," Loisi alimwambia mumewe. Akaongeza kwamba paa la kumkinga jua mwanamume aliyekaa wanalo tayari, ni la bati, na liko juu ya nyumba.

Gerson akaendelea kulitazama paa. Tangu saa tatu walikuwa wamesimama kwenye yadi ya matrekta madogo pale Nkuhungu, na mbele yao yalikuwepo mawili yanayofanana kama watoto wa tumbo moja. Moja jekundu, jingine la buluu. Nguvu ni zile zile, jembe la nyuma ni lile lile, bei zinapishana kidogo tu. Respicius, muuzaji mwenye shati lililopigwa pasi hadi kwenye kola, alishayasoma makaratasi yote mawili mara mbili, na kila akimaliza Loisi alikuwa haoni tofauti ila rangi.

Moyo wa Gerson ulikuwa umelala kwenye jekundu. Lilikuwa na paa, lilikuwa na kiti chenye mto, na ujanani aliwahi kuendesha trekta la ushirika lisilo na hata kimoja. Loisi alilitaka la buluu. Shida ni kwamba alikuwa hawezi kueleza kwa nini, na Loisi si mtu wa kukosa la kusema, ndiyo maana maneno yalimtoka makali.

Tena lilikuwa jambo la kumtoa mtu jasho. Misimu minne walikuwa wameweka akiba ya fedha za zabibu, wameacha kupaka nyumba rangi, wameacha hata kubadilisha mlango wa jikoni uliobaki nusu. Fedha ile ilitosha trekta moja, si moja na majuto. Likiwa pana kuliko mistari ya shamba, litavunja matawi ya mizabibu waliyoipanda wenyewe, na mzabibu uliovunjwa haukungojei. Lisiponunuliwa kabisa, palizi itabaki ya jembe la mkono, na goti la kulia la Loisi lilikuwa limeshatoa taarifa kwamba mwakani lisitegemewe.

"Nimepima, Mama Filipo," Gerson alisema kwa upole wa mtu mwenye ushahidi. "Mita mbili kamili kutoka mstari hadi mstari. Yote mawili yanapita."

"Ulipima lini?"

"Tulipomaliza kupogoa."

Hapo Loisi akacheka, kicheko cha kwanza tangu asubuhi, maana sasa alijua alichokuwa anakitafuta. "Baba Filipo, ulipima shamba likiwa uchi. Mimi nakwambia habari zake likiwa limevaa."

Na kweli. Baada ya kupogoa, mizabibu ya kwao Chamwino hubaki vigutu, mtu anaweza kupitisha ng'ombe wawili na mchungaji wao. Lakini miezi minne baadaye matawi yamejaa, vichala vinaning'inia pande zote mbili, na ile njia ya mita mbili hujulikana na wanaovuna tu. Wanaovuna ni wanawake. Huingia wawili wawili, kreti katikati, mmoja ameshika sikio la huku, mwingine la kule. Wanapopita wao bila kuangusha zabibu, hapo ndipo njia. Loisi alikuwa ameishi kwenye kipimo hicho miaka ishirini bila kukiita kipimo.

Kreti alikuwa nayo. Asubuhi ile walikuwa wameleta zabibu kwa mteja mjini, na kreti tupu ilikuwa miguuni pake. Akamwita Aneth, karani wa yadi, dada mnene mwenye viatu vya kisigino, akamwomba ashike upande wa pili. Aneth akauliza kama hili nalo limo kwenye fomu. Loisi akamjibu kwamba fomu ni yeye, ashike vizuri.

Wakasimama mbele ya trekta jekundu, kreti katikati. Gerson akaambiwa aangalie kutoka nyuma yao. Akachungulia kulia, akachungulia kushoto. Matairi yalifichwa na wanawake, lakini madigadi yalitokeza huku na huku, kiganja kizima kila upande.

Respicius alikuwa muuzaji hodari. Akasema matairi yale yanaweza kugeuzwa yaingie ndani.

"Na madigadi?" aliuliza Loisi.

Respicius akatazama madigadi, akatazama makaratasi, akayakunja.

Wakahamia kwenye la buluu. Gerson alichungulia muda mrefu zaidi, maana alikuwa anatafuta. Hakuona chuma hata kidogo. Aliona Loisi, aliona Aneth, basi. Akavua kofia, akajipepea.

"Halina paa," alisema, lakini alishashindwa, na sauti ilijua.

"Nitakununulia mwavuli," Loisi alimwambia. Kisha akamgeukia Respicius, akataka kujua likiugua anayelitibu ni nani na yuko wapi, na hakutoa hata senti mpaka fundi alipoitwa kutoka gereji ya jirani, akaja na mikono yake ya grisi, akaonekana kwa macho.

Siku ya tatu trekta likaletwa pamoja na tela lake dogo. Fuso iliyolibeba iligoma kuingia kwenye mchanga, ikalishusha pale njia panda ya lami. Gerson na Loisi walikuwa wanangoja, na walipoona mahali lilipokanyaga ardhi, wakatazamana.

Ni pale pale. Miaka ishirini na minane nyuma, roli la mahindi kutoka Kibakwe lilimshusha hapo bibi harusi Loisi, na sanduku lake, na godoro lake. Gerson alikuja kumpokea kwa baiskeli, akiwa ameapa mbele ya wakwe kwamba binti yao hatakanyaga vumbi. Hawajafika mbali, miiba ya migunga ikamaliza tairi zote mbili. Baiskeli ikabeba sanduku. Loisi akabeba godoro kichwani, maili saba, kwa miguu. "Nitakubeba siku nyingine," Gerson alimwambia, na tangu hapo hapakupita ugomvi ambao baiskeli ile haikuitwa kutoa ushahidi.

Gerson alitandika gunia kwenye tela, akalikung'uta mara mbili.

"Panda, Mama Filipo. Nina deni."

Akapanda. Maili saba zote alikaa wima kama mkuu wa wilaya, akiwapungia watu. Waliomsalimu "Mbukwa" aliwaitikia mara mbili mbili. Miiba ilikuwa imelala njiani kama zamani, na matairi yale yaliitafuna.

Walipofika uani Gerson akapunguza mwendo. Loisi hakushuka.

"Hatujafika," alisema. "Mstari wa kwanza."

Gerson akauingiza mtambo shambani, taratibu, shingo imekaza. Majani yakamgusa mabega, yakamgusa Loisi mashavu. Vichala vikatikisika vyote, kushoto na kulia. Mwisho wa mstari Loisi akashuka, akarudi nyuma akikagua chini hatua kwa hatua, goti likilalamika. Hakuokota hata punje.

Akachuma kichala kimoja kilichoiva, akampelekea dereva.

"Limekwisha," alimwambia.

"Lipi?"

"La baiskeli."