Maji Yangu Si Baridi Tena

Kafedha hakuwa mtu wa maneno mengi mpaka alipobaki peke yake. Mumewe Mramba alipokuwa hai, yeye ndiye aliyekuwa msemaji, na nyumba yao ya Mtopanga ikatosheka na sauti moja. Mramba akafa kwa homa. Hawakuwa wamejaaliwa mtoto, kwa hiyo alimwachia mkewe minazi michache na kisima alichokichimba kwa mikono yake mwenyewe, akiteremka kwa kamba na kupandisha mawe kwa kikapu. Nasema alimwachia kisima, lakini kwa kweli alimwachia watu.

Maana maji ya kisima kile yalikuwa baridi. Sisi wa pwani tukisema maji baridi hatuna habari na joto lake. Maji yanaweza kuwa yametoka motoni sasa hivi, yakawa bado ni maji baridi, ilimradi hayana chumvi. Na pande zetu za Kisauni mtu huweza kuchimba mpaka mgongo ukafa ganzi, asiambulie ila maji ya kufulia.

Basi wanawake walikuja kuteka asubuhi na jioni. Kafedha hakumtoza mtu. Alitoa kigoda chake, akakaa kando ya kisima, na hapo ndipo alipojifunza kusema. Aliwagombeza kwa kuikwaruza kamba, akawauliza nani kajifungua, akasikia nani kakosana na wifi yake. Walipojitwika madebe wakaenda zao, aliingia jikoni masikio yakiwa bado yamejaa, akapika chakula chake cha mtu mmoja bila kuona uchungu.

Ukaja mwaka wa arobaini na tatu. Vita vilikuwa vimepamba moto huko kwa wenyewe, huku kwetu unga ulikuwa adimu, na masika yakapita bila mvua ya maana. Maji ya kisimani yalishuka, na yaliyoingia mahali pake yalitoka upande wa bahari. Kafedha alijua kabla ya mtu yeyote. Kunde zake zilishinda motoni zikatoka ngumu, sabuni ikakataa kutoa povu. Alionja kwa ncha ya ulimi, akatema, akaonja tena akitumaini kwamba amekosea. Kisha akanyamaza.

Lakini wanawake wenziwe nao wana ndimi. Mbeyu ndiye wa kwanza kutorudi. Nyevu alifuata, na yeye angalau alijisumbua kutunga uongo, akasema mguu wamuuma, ingawa mguu huohuo ulimfikisha kila siku kwenye kisima cha njia ya Kongowea, mbali mara kadhaa. Mmoja mmoja wakapukutika. Siwalaumu kwa kwenda, watoto lazima wanywe. Nawalaumu kwa kuwa hakuna aliyepitia hata kumjulia hali. Watu waliokaa naye benchi moja kanisani wakawa wakimwona njiani wanakata kona, kwa aibu ya kutojua la kumwambia.

Upweke ukamwingia. Aliendelea kutoa kigoda kila asubuhi na kuinyoosha kamba ukingoni. Siku nyingine aliiteremsha ndoo bila haja ya maji, ili tu asikie kishindo chake kikifika chini. Alianza kujisemesha. Aligombeza kuku, na kuku wakimjibu alifurahi, jambo ambalo si la kuchekwa.

Ndipo akaja Nafula. Alikuwa mke wa Gershom, kijana wa bara aliyekuwa kuli bandarini Kilindini, ambaye kwa wingi wa meli za vita alilala hukohuko na kurudi nyumbani kwa nadra. Walikuwa wamepanga chumba karibu na pale siku zilezile. Nafula alisimama kando ya kisima, mtoto mgongoni na debe mkononi, akaomba maji.

Kafedha alimwambia kweli. Hilo tumshuhudie.

"Mwanangu," alisema, "maji yangu si baridi tena."

"Si kitu, mama," Nafula akajibu. "Mimi nitaweka kwa mtungi yapoe."

Kafedha alifungua kinywa amweleze, kisha akakifunga. Neno moja tu, chumvi, lingetosha. Lakini yule msichana alikuwa amekwisha kuishika kamba, anavuta na kucheka jinsi usumba wa kamba unavyomchoma viganja, na ile sauti ya mtu mwingine pale kisimani ilimlegeza Kafedha moyo. Akamwacha ateke.

Utauliza kama Nafula hakuonja. Alionja. Ila kwao walikuwa wamemwonya kwamba anakwenda kwenye nchi ya bahari, ambako hata maji ya kunywa yana chumvi, naye akadhani ndivyo pwani ilivyo. Aliyanywa kwa subira ya mgeni.

Akawa anakuja kila siku. Kafedha alimfundisha kusuka makuti, akamfundisha na shikamoo, ili asimwamkie mtu mzima kwa hujambo kavu. Nafula naye alimweleza kwamba jina lake ni la mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua, na la bintiye, Nasimiyu, ni la aliyezaliwa kiangazi. Kafedha alicheka sana kwa hilo. Kwa muda alikuwa na furaha, na furaha yenyewe ilikuwa na mwiba ndani yake, kwa sababu maji yalizidi kuwa mabaya na yeye alizidi kujua.

Aliyemshinda ni mtoto. Nasimiyu alikuwa ndiyo kwanza ameanzishwa uji, na uji wake ulikuwa wa maji yale. Akaanza kuhara. Akipewa maji aliyanywa kwa pupa, akimaliza analia kiu upya. Siku moja Nafula alikuja na mtoto kifuani, midomo ya mtoto imepasuka, akamwomba Kafedha amtajie dawa ya kienyeji, maana yeye alidhani ni jicho baya.

Kafedha alimtazama yule mtoto. Alijua kwamba akisema, atabaki na kuku wake. Akasema.

"Usiteke. Haya maji yana chumvi. Si ya kunywa, wala hayakuwa ya kunywa tangu siku ile ulipokuja. Nenda kisima cha njia ya Kongowea, maji ya kule ni baridi."

Nafula hakuelewa mara moja. Ikabidi aelezwe neno lenyewe, kwamba baridi ya huku si ya kupoa. Alipoelewa, aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ulijua, mama?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekwenda kama wenzako. Ningesema na nani?"

Nafula alimfunga mtoto mgongoni, akachukua debe lake tupu, akaenda. Hakutukana wala hakuaga. Kafedha alitamani angetukana, apate kitu cha kukumbuka usiku.

Mtoto alipona, hayo Kafedha aliyapata kwa kusikia kanisani. Kwake hakuja mtu. Kigoda alikiacha ndani sasa. Kwenda mwenyewe hadi Kongowea na debe kichwani hakuweza, magoti yake yalikuwa yamechoka, na kumwomba mtu amtekee alishindwa kwa haya. Aliyanywa maji yake, akaona ni haki yake.

Kisha, jua likiwa la utosi, akasikia hodi. Nafula alikuwa mlangoni, anatoka jasho, debe limejaa kichwani na majani ya mkorosho yanaelea juu maji yasimwagike.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Alieleza kwamba Gershom amepata chumba Changamwe, kwenye nyumba za wafanyakazi, zenye mfereji wa maji uani, na gari la kuwachukua linakuja baada ya adhuhuri. Akalitua debe, akamimina maji yote kwenye mtungi wa Kafedha.

"Nimekuletea maji baridi," alisema.

Yalikuwa yamepigwa na jua njia nzima, yamekuwa ya moto kabisa. Kafedha aliyachota kwa kata, akanywa, akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio papo hapo. Nafula alimshika bega mpaka kikapita. Halafu akaenda kumchukua mtoto na mizigo, na Kafedha hakumwona tena.

Maji yale hakuyapikia wala hakuyaogea. Alikunywa kata moja kila jioni, polepole, akiwa ameketi kando ya kisima. Mtungi ulipokauka, aliuinamisha akamalizia matone, kisha akaiteremsha ndoo yake.