Baridi ya Marekani Ilivyomtoa Jicho Anko Bene

Hamtaamini. Hata mimi ningesimuliwa ningesema toka hapa na uongo wako.

Ila wallahi, kisiwani kwetu kuna mtu alipoteza jicho kwa sababu Marekani kulikuwa na baridi.

Damu niliiona kwa macho yangu. Nilikuwa na miaka tisa, kifuu cha nazi mkononi.

Na aliyesababisha namjua vizuri sana. Tulieni.

Naitwa Hafsa. Ni jina langu la kweli, sijabadilisha, na mkifika mwisho mtajua kwa nini. Kwetu Songo Songo, mtoto wa Mwanaima.

Ilikuwa Januari 2009. Kisiwa kizima habari moja tu, Marekani wanamwapisha rais mweusi, ambaye baba yake katokea hapo Kenya. Watu walichangamka utadhani tunaoza binti.

TV ya maana ilikuwa kwa Benedicto. Sisi watoto tulimwita Anko Bene, wakubwa walimwita Bene Pweza. Mtu wa Ndanda, alihamia kwetu kununua pweza. Akina mama wakitoka mwambani na pweza wao, yeye anawapokea, anawatia kwenye friza, boti ikija anapeleka Kilwa Masoko.

Sasa hilo friza! La kulala, jeupe, kubwa kama jeneza la watu wawili. Kwetu sisi watoto, baridi yote ya dunia ilikuwa humo.

Jioni ile akasogeza TV mpaka mlangoni, watu wakajaa kwenye mikeka. Joto la Januari mnalijua, jasho linakuchuruzika mgongoni ukiwa umekaa tu.

Halafu kwenye TV tunaona nini? Watu wamevaa makoti mpaka masikioni. Glovu. Makofia ya manyoya. Bibi mmoja kajifunika blanketi zima mchana kweupe!

Na kila anayefungua mdomo, moshi unatoka.

"Jukwaa zima wanavuta bangi!" akasema mjomba Maftaha, kaka yake mama. Watu mbavu hawana.

"Mtani, ile baridi," Anko Bene akamwambia. Hao wawili walikuwa watani wakubwa, wanakula sahani moja. "Kule maji yanaganda mpaka barabarani."

"Maji yagande bila friza? Bene, hao pweza wamekula akili zako."

Anko Bene akacheka. Akainuka, akafungua friza atutolee maji ya baridi.

Moshi mweupe ukapanda.

Ule ule wa kwenye TV!

Akaligonga friza na kiganja. "Mnaona? Marekani yote hiyo iko humu ndani."

Mdogo wangu Dadi, miaka mitano, alikuwa mapajani kwangu. Akaninong'oneza, "Dada, kumbe wale wote wametoka kwenye friza la Anko Bene?"

Nikamjibu, "Ndiyo. Ukitoka humo na moshi mdomoni, unaapishwa."

Nilijifanya najua. Nilikuwa hivyo toka mdogo.

Kesho yake asubuhi tukacheza kuapishwa.

Siku zile yalikuwa maji mafu, bahari haikupwa vya kutosha, kwa hiyo pweza hakuna. Boti ilikuja kuchukua mzigo wa mwisho. Anko Bene yuko ufukweni anapakia. Friza tupu, linanguruma peke yake. Mlango kaurudishia tu.

Dadi nilimfunga kanga yangu shingoni iwe koti. Rais anaapa na kitabu, si ndiyo? Nikampa juzuu yangu ya madrasa, jina langu nimeliandika juu kwa biki, HAFSA, herufi kubwakubwa.

"Ukitoka, upulize moshi."

"Nisubiri sana?"

"Nahesabu mpaka hamsini."

Akaingia mwenyewe anacheka. Nikashusha mfuniko. Anko Bene alikuwa kaweka komeo la bati kwa nje ili watoto wasiibe barafu. Likaangukia lenyewe. Ka!

Nilifika kumi na saba.

"Hafsaaa! We Hafsa!"

Mama. Na mama yangu ukiitwa mara ya pili ni fimbo. Nikachomoka mbio, akilini nasema narudi sasa hivi.

"Kaa hapo ukune nazi. Na usinyanyuke mpaka ziishe zote mbili."

"Mama, naomba niende mara moja..."

"Wapi?"

Hapo ndipo ningesema. Sentensi moja tu. "Dadi yuko kwenye friza." Basi.

Lakini nilimwangalia, nikaiangalia fimbo dirishani, nikakaa kwenye mbuzi.

Nikakuna nazi.

Nakuna haraka mpaka nakwangua vidole, nazi inageuka nyekundu. Nimemaliza ya kwanza. Nimeanza ya pili.

Mara kelele njiani.

Anko Bene anakuja mbio, kifua wazi, aproni ina damu ya samaki, mikononi kambeba Dadi. Kichwa cha Dadi kimening'inia. Midomo ya bluu, nyusi nyeupe kwa barafu.

"Mama Hafsa! Mtoto! Nimemkuta kwenye friza! Twende zahanati!"

Mama akamgusa Dadi shavuni.

Akapiga ukunga.

Kama hujakulia kwetu sikia. Ukunga ni ile sauti ya mwanamke ya hatari, na ukipigwa hakuna kuuliza. Unatoka na chochote ulichoshika. Anayechanja kuni anatoka na shoka, anayetwanga anatoka na mchi. Mimi nilitoka na kifuu.

Ndani ya dakika mbili walikuwa watu hamsini. Makafi, nyundo, magongo ya kupigia pweza.

Mjomba Maftaha ndiye wa kwanza kumgusa Dadi. Akaruka nyuma. "Huyu ana baridi ya maiti!"

"Alikuwa wapi?"

"Kwenye friza la Bene!"

Miezi ile kulikuwa na uvumi wa chinja-chinja, eti kuna watu wanachukua watoto wanawatoa damu wanauza. Hakuna aliyewahi kumwona. Sasa wakawa wamempata. Mtu wa kuja, friza kubwa, aproni ya damu, mtoto wa watu kaganda.

"Wananchi, ni michezo ya watoto! Mimi nimefungua tu..."

Mjomba akampiga kafi la mdomo.

Lile kafi lilivunjika. Meno niliyaona yakidondoka mchangani.

Mmeshaona pweza anavyopigwa ili alainike? Anabamizwa kwenye jiwe, halafu gongo, gongo, gongo. Ndivyo walivyompiga yule mtu. Wale wale waliokunywa maji yake ya baridi jana. Mama mmoja alikuwa anampiga kichwani na mchi huku analia. Wengine wakakimbilia nyumbani kwake, TV ikapasuliwa kwa shoka, friza likapinduliwa.

Akadondoka, wakamwinua ili wampige vizuri.

Mtu mmoja akachomeka ncha ya gongo usoni. Anko Bene akatoa sauti ambayo mpaka leo, nikiwa saluni nasuka mtu, ikinijia nasimamisha mkono.

Jicho lilikuwa limeisha.

Hata wao walishtuka. Mjomba Maftaha akageuka, akaniona nimesimama na kifuu.

"Hafsa! Wewe si ndiye unashinda na mdogo wako? Nani kamtia humo?"

Kila mtu akaniangalia.

Na Anko Bene akaniangalia, kwa lile jicho lililobaki. Mkono wake mmoja ulikuwa umeshika kiuno, umekandamiza hapo kama vile ndipo panapouma kuliko kote.

Nikainua kidole.

Nikamwonyesha yeye.

"Leteni mafuta ya boti!"

Petroli haikosi ufukweni. Dumu likaja linakimbizwa. Wakammwagia kuanzia kichwani, nikaisikia harufu mpaka kooni.

Wakati huo huo nyuma yangu mama kakaa chini, kamvua Dadi nguo, kamkumbatia kifuani, kamzungushia kanga mbili. Nikamsikia Dadi anakohoa.

Yuko hai!

Akafungua macho. Sauti nyembamba kabisa.

"Dada... moshi umetoka? Nishakuwa rais?"

Mama akaniangalia. Akaangalia vidole vyangu vyenye damu ya kukunia nazi. Nikaona jinsi alivyoelewa, moja baada ya jingine.

Akavuta kanga, akamziba Dadi mdomo.

"Anaweweseka," mama akamwambia mwanamke wa pembeni. "Mtoto anaweweseka."

Hatua kumi tu kutoka pale walikuwa wanatafuta kiberiti.

Kilichomwokoa Anko Bene ni petroli yenyewe. Aliteleza mikononi mwao. Akakimbilia ufukweni, akajirusha majini, mawe yakamfuata, boti iliyokuwa inapakia mzigo wake ikamvuta ndani, ikawasha injini. Hakuonekana tena.

Mama hakunipiga. Mama yule yule, ukiunguza wali unachapwa, kwa hili hakunigusa. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Aliniambia tu, "Hili utazikwa nalo."

Miaka ikapita. Kisiwani ukiwa mtoto mtukutu unaambiwa Bene Pweza atakuja kukuweka kwenye friza.

Mimi nikahamia Kilwa Masoko, nasuka nywele, na simu hii ndiyo maisha yangu.

Januari 2025 niko zangu naperuzi, nakutana na habari kwamba Marekani wanaapisha tena, safari hii wamehamishia ndani. Baridi imezidi.

Asee, mwili wote ulikufa ganzi. Kwenye joto lile lile la Januari.

Nikaanza kumtafuta. Nimeuliza watu wa boti, watu wa soko, mwaka mzima. Mwezi uliopita nikampata Kilwa Kivinje. Anauza mkaa. Vitu vya baridi hagusi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Ndoo au gunia?"

"Mimi Hafsa. Wa Mwanaima."

Akaweka chini koleo. Upande mmoja jicho, upande mwingine kovu limejikunja kama kitovu.

"Yule wa kidole," akasema.

Nikapiga magoti kwenye vumbi la mkaa. "Baba, nisamehe."

"Samahani yako niifanyie nini? Nijipake jichoni?"

Akaingia ndani, akatoka na mfuko wa nailoni, akanitupia.

Juzuu. Imekunjamana kwa maji ya chumvi. HAFSA, kwa biki, herufi kubwakubwa.

"Nilipofungua friza mdogo wako alikuwa ameikumbatia. Niliichomeka kiunoni, nikambeba."

Yaani pale alipokuwa ameshika kiuno. Ushahidi wote alikuwa nao!

"Kwa nini hukuwaonyesha?"

"Mtu kama mimi? Mkristo wa kuja, nichomoe juzuu mbele ya wale, niseme nimeikuta kwenye friza la pweza? Binti, kiberiti wangekipata haraka zaidi."

Nikalia. Yeye hakulia.

"Sikiliza. Mwanangu Agnes ni nesi. Wamempangia huko kwenu. Akina mama wanafika na watoto wa chanjo, wakisikia ni mtoto wa Bene Pweza, wanageuza. Juzi wamemtupia jiwe, limempata hapa." Akagusa juu ya jicho lake zima. "Mimi nimeshaishi. Yeye hajamweka mtu kwenye friza."

"Nifanye nini, baba?"

"Siku ile hukushindwa kujibu. Rudi ujibu tena."

Nikampigia mama.

"Hafsa, ukisema, mimi nitapita njia gani? Mjomba wako ndiye mkubwa wa kitongoji sasa. Watajua nilimsikia Dadi nikanyamaza."

"Si ulimsikia, mama?"

Akakata.

Nikampigia Dadi. Ana miaka ishirini na kitu, mvuvi, ana mtoto wa miezi mitatu. Nikamwambia yote. Akasema, "Da, andika. Mimi kesho asubuhi nambeba mwanangu, nampeleka kwa Agnes achanjwe. Nitapita katikati ya kijiji, taratibu, kila mtu aone."

Basi ndio naandika.

Kwa hiyo ndugu zangu wa Songo Songo, hii sio simulizi ya kuchangamsha jukwaa. Hapa ndipo najibu lile swali la mjomba Maftaha. Aliyemtia Dadi kwenye friza ni mimi, Hafsa wa Mwanaima. Anko Bene alimtoa. Picha ya juzuu nimeiweka hapo chini, jina mnalisoma wenyewe. Group la kijiji nimelitupia, na mjomba nimemtumia yeye binafsi.

Nilichojifunza ni kwamba mimi sikushika kafi wala gongo. Niliinua kidole tu, tena cha mtoto, na kile kidole kilimuumiza yule mtu kuliko wote waliompiga. Ukiona watu wana hasira wanakuuliza "ni nani?", kama hujui sema hujui. Kama ni wewe, sema ni wewe. Utachapwa, utapona.

Mama anapiga sasa hivi. Ni mara ya nne. Sijapokea.

Alinificha kwa sababu ananipenda, hilo nalijua. Na mimi nimemwanika.

Haya niambie na wewe unayesoma. Una miaka tisa, watu hamsini wanakuangalia, mdogo wako kaganda, fimbo iko dirishani.

Ungesema?

Na ungekuwa mama yangu, ile kanga ungeivuta?