Jibu Nililompa Mwalimu kwa Kiingereza

Darasa la tano hatukuwa tunaomba ruhusa ya kwenda chooni kwa Kiswahili. Ukiomba kwa Kiswahili, mwalimu wetu wa Kiingereza alikutazama kana kwamba hajasikia, nawe ukabaki umebana mapaja mpaka mwenzako akunong'oneze: "May I go out, please." Kufuta ubao, kufungua dirisha, kugawa vitabu, kueleza kwamba kalamu umeisahau nyumbani, kila jambo lilikuwa na sentensi yake. Usipoijua, unakaa na shida yako.

Wengi wetu hata Kiswahili tulikuwa tumekikuta shuleni. Kwetu tulisema Kikonongo. Baba alikuwa na Kiswahili cha kuuzia asali, mama cha kusalimiana na watu kanisani. Kiingereza hakikuwa cha mtu yeyote tuliyemfahamu isipokuwa mwalimu, na mimi nilikipenda kwa sababu nilimpenda yeye.

Alikuwa bado msichana, ametoka mbali, na aliingia darasani bila fimbo, jambo ambalo hatukuwa tumeliona. Jumamosi nilimtekea maji. Alinipa chai yenye sukari nyingi, akaniketisha kwenye kiti kama mgeni, akanifundisha maneno ambayo wenzangu hawakuwa nayo bado. "Wewe utafika mbali," aliniambia. Nilikuwa narudi nyumbani nayarudia njia nzima.

Kila asubuhi kabla ya somo alituuliza habari za nyumbani. Anamtaja mtoto, mtoto anasimama, anaulizwa swali, anajibu kwa sentensi kamili. Mama yako yuko wapi? Nani amepika uji? Ukipatia, darasa zima linakupigia makofi. Wengi walikariri jibu moja wakalitumia mwaka mzima, hivyo mama zao wote walikuwa shambani, mvua inyeshe isinyeshe. Mimi nilitaka kujibu yaliyo kweli, maana mwalimu alinisifu kwa hilo.

Mwaka mmoja nyuma tulikuwa tumehamishwa kutoka msituni, upande wa Ugalla, tukaletwa kwenye kijiji kipya kando ya barabara ya Mpanda, nyumba zimepangwa mstari. Baba alijenga kama alivyoagizwa. Lakini mizinga yake ilibaki kule kwenye mahame, na nyuki hawahamishwi kwa tangazo. Ilikatazwa mtu kurudi kulala huko. Baba alirudi. Alijijengea kibanda karibu na miti yake, akawa anakaa huko siku kadhaa, kisha anakuja na asali na nguo zinazonuka moshi.

Mama alitukalisha chini, mimi na wadogo zangu. "Mtu akiuliza baba yuko wapi, semeni ameenda Shanwe kwa shangazi yenu, anaumwa. Mmesikia nyie?"

Tulisikia. Nilimwambia hivyo balozi wa nyumba kumi, nikamwambia katekista, nikawaambia majirani. Nilisema bila kupepesa macho.

Halafu asubuhi moja mwalimu akaniuliza kwa Kiingereza baba yuko wapi. Nikasimama nikamwambia: "My father is in the forest with bees."

Sikuhisi kwamba nimesema siri. Uongo niliofundishwa ulikuwa wa Kikonongo na wa Kiswahili. Kiingereza kilikuwa kitu cha mle darasani, baina yangu na mwalimu, na nilivyokielewa mimi, hakikuweza kutoka nje kwa sababu huko nje hapakuwa na wa kukipokea. Mwalimu akatabasamu. Alinisahihisha kidogo, "with his bees", nikarudia, nikapigiwa makofi. Wenzangu walipiga tu bila kuelewa. Neno la msitu wengi wao hawakulijua.

Baada ya majuma kadhaa mwenyekiti wa kijiji alikuja darasani. Tulisimama tukamwamkia kwa Kiingereza kwa sauti moja, akacheka, akakaa kwenye benchi la nyuma, kofia magotini. Tulidhani amekuja kusikiliza tulivyoendelea. Nilijikuta naomba niitwe.

Niliitwa wa kwanza.

"Where is your father?"

Nilijibu vizuri kuliko mara ya kwanza. Sikusahau "his". Nikangoja makofi.

Mwalimu hakunitazama. Aligeukia benchi la nyuma, akasema kwa Kiswahili safi: "Anasema baba yake yuko msituni na nyuki zake, ndugu mwenyekiti."

"Msituni wapi?"

Mwalimu akanigeuzia swali hilo kwa Kiingereza, taratibu, kwa sauti ileile ya kila siku. Nilikuwa najua neno la mto. Nilikuwa najua namna ya kusema karibu na. Lakini nikaona mkono wake umeishika chaki mpaka imevunjika, na hapo nikaelewa. Nilifunga mdomo. Haikusaidia kitu. Mwenyekiti alikwisha kuvaa kofia.

"Very good," mwalimu alisema. "Sit down." Na wenzangu wakapiga makofi, kwa kuwa ndivyo walivyozoeshwa.

Mgambo walimkuta baba kule kule. Walichoma kibanda, wakaangusha mizinga na kuipasua, wakala asali wakashiba, iliyobaki wakambebesha yeye mwenyewe mpaka ofisi ya kata. Alipoachiwa alirudi amevimba uso. Mama alinipiga kwa kijiti cha kukorogea uji, akilia, mpaka baba akamshika mkono.

"Alikuuliza kwa lugha gani?" baba akaniuliza.

"Kiingereza."

"Basi mwache," akamwambia mama. "Hiyo sisi hatukumkanya."

Jumamosi iliyofuata sikwenda kuteka maji. Jumatatu nilimfuata mwalimu mlangoni, watoto wengine wakiwa wanakimbilia uwanjani. "Mwalimu, kwa nini ulimwambia?"

Alinitengeneza kola ya shati. "Sentensi yako ilikuwa sahihi kabisa," akasema. "Usiogope."

Nimeishi na maneno hayo zaidi kuliko nilivyoishi na kipigo cha mama. Sijui kama alitishwa, ama aliahidiwa kitu, ama aliona anatimiza wajibu kama mtumishi. Hakunieleza. Tangu siku ile, akiniuliza lolote la nyumbani, nilijibu: "I don't know, teacher." Akinisimamisha, nilisimama mpaka kengele. Hakunichapa hata siku moja.

Mwisho wa mwaka alihamishwa. Mama, ambaye aliona ni aibu mgeni kuondoka bila kusindikizwa, alinituma nikambebee sanduku hadi barabarani. Tulingoja lori pamoja. Lilipotokea, alinishika bega akasema kwa Kiswahili, "Usikiache Kiingereza, mwanangu. Wewe unacho."

Nililipandisha sanduku, nikaondoka kabla lori halijaondoka. Alikuwa ananiita, nilisikia, sikugeuka.

Nyumbani mama alikuwa anapepeta mpunga. "Amekuaga vizuri?"

"Ndiyo," nikamjibu, nikachukua ungo wa pili nikakaa kando yake.