Simu Aliyoninunulia Mume Wangu Ilikuwa Inanisikiliza

Admin, nifiche kabisa, maana kijijini kwetu habari yako hufika nyumbani kabla yako. Nina miaka ishirini na tisa, mama wa watoto wawili, naishi kwa wakwe zangu upande wa Nyamira. Mume wangu anafanya kazi Nairobi, huja mwisho wa mwezi. Mwaka jana aliniletea simu kubwa, mpya, nikaringa nayo mpaka kanisani. Sikujua ameshaiwekea kitu ndani cha kurekodi sauti na kumwonyesha nilipo.

Nilianza kushangaa jinsi alivyojua mambo yangu. Nikienda kuuza ndizi soko la Mosocho, ananipigia: "Mbona leo umekawia huko, ulikuwa na nani?" Nikimcheka kitambi chake na dada yangu kwa simu, jioni akinipigia ananuna. Nikadhani ni jirani yangu anapeleka umbea, nikaacha kumsalimia. Maskini, hakuwa na kosa.

Sasa kilichonivuruga. Mama mkwe alipata uvimbe kwenye titi. Aliniambia mimi peke yangu, akanikataza kumwambia mwanawe. "Utaniaibisha, mwanangu. Hayo si ya kuambia kijana niliyemzaa." Sisi Wakisii tuna chinsoni, ile heshima ya kuoneana haya: kijana akishatahiriwa hata chumba anacholala mamake haingii, sembuse kusikia habari za mwili wake. Siku ya kwenda kliniki Nyakoe mimi nilikuwa na chai ya kuchuma, na simu yake ya kubonyeza ilikuwa imeharibika. Nikampa yangu, akaiweka kwenye kibeti.

Mwisho wa mwezi mume wangu akaja, akakataa chakula. Akatoa simu yake, akaniwekea sauti iliyorekodiwa. Mwanaume anasema kwa upole, "Toa blauzi, mama. Lala hapa. Usiogope, nitashika polepole." Mwanamke anaguna tu.

"Simu yako ilikuwa Nyakoe siku hiyo," mume wangu akasema huku analia. "Nimesikiliza hii kitu kila siku. Huyo mwanaume ni nani?"

Mimi ninayeishi na mama mkwe niliutambua ule mguno. Nilikasirika kuchunguzwa kama mwizi ndani ya ndoa yangu, tena nilitamani kumrushia hiyo simu usoni. Lakini nilipoelewa alichokuwa akisikiliza, niliizima ile sauti. Nikanyamaza, na yeye akauona ukimya wangu kuwa ndio jibu.

Amerudi kazini. Anasema akija tena bila kupewa jina, atanirudisha kwetu na watoto watabaki. Mama mkwe anajua tu kwamba tumekosana. Jana ameniambia, "Mwombe msamaha hata kama hujakosa, kijana wangu hana roho mbaya." Na wiki ijayo anatakiwa kurudi kliniki, uvimbe utolewe.

Nikiendelea kunyamaza, napoteza watoto wangu na jina langu. Nikisema, mume wangu atajua blauzi ile ilikuwa ya nani, na sijui ataishije na hilo. Na mama akigundua mwanawe alisikia, kliniki hatarudi tena, namjua, heri afe na uvimbe wake.

Ndugu zangu, msinitukanie mume, nishaurini tu. Wiki ijayo ni karibu. Nimwambie alimsikiliza mamake, au nifungashe niende?