Hadubini za Siku Mbili

Wako watu wanaokasirika wakichokozwa, na yuko Coleta wa Mlenje, ambaye hukasirika kwanza halafu akatafuta sababu, na ubaya ni kwamba sababu haikosi. Alimkasirikia mumewe Baltazari, aliyeaga kwamba anakwenda Kipili kununua dagaa, akanunua na mke. Aliwakasirikia mafundi walioweka mlango wa choo cha wasichana ukaangalia barabarani, akawasimamia mpaka wakaugeuza. Alimkasirikia hata paroko kwa kuchelewesha misa ya Pasaka, akamwambia mbele za watu kwamba Yesu mwenyewe alifufuka kwa wakati. Watu walicheka, paroko naye akacheka. Coleta hakucheka.

Alikuwa mhudumu wa Shule ya Sekondari Mlenje, kando ya barabara inayotoka Sumbawanga kwenda Matai. Shule hiyo wananchi waliijenga wenyewe, baada ya kuambiwa kwamba zama za kungoja serikali ifanye kila kitu zimekwisha, sasa kila mtu achangie. Kila kaya ilifyatua matofali. Coleta, mwanamke wa peke yake, alifyatua ya kwake akayabeba kichwani kutoka bondeni, na ukipita naye kwenye kuta zile atakuonyesha tofali lake moja lililopinda, akikudai ukiri kwamba limekaa vizuri hivyo hivyo. Shule ilipofunguliwa akapewa kufagia ofisi, kutunza funguo, kupiga kengele na kubandika matangazo.

Kengele yenyewe ilikuwa ringi ya lori lililokufia darajani, imening'inizwa kwenye mkaratusi. Kijiji kizima kilijua lugha yake. Mapigo ya taratibu yalikuwa ya vipindi. Matatu matatu yalikuwa ya kikao cha wazazi. Mfululizo usiopumzika ulikuwa wa hatari, na aliyeusikia aliacha jembe shambani akaja mbio. Huo Coleta alikuwa ameupiga mara moja tu katika miaka tisa, siku bweni la wavulana liliposhika moto, na watu walifika na ndoo kabla paa halijaanguka.

Lakini jambo aliloliona kubwa kuliko yote lilikuwa ubao wa matangazo. Kusoma alijifunza ukubwani, enzi za kisomo cha watu wazima, akiwa na mtoto mgongoni, na herufi alizozipata kwa tabu namna ile hakuzichezea. Alipopewa karatasi aliisoma yote kwa kidole, ndipo akaipaka uji mzito wa unga wa mahindi aliokuja nao kutoka nyumbani kwenye kopo, akaibandika. Watu wa kijijini hawakwenda kusoma ubao. Walimngoja Coleta njiani wakamuuliza shuleni kuna habari gani, naye akawapa, tarehe kwa tarehe. Kwa hiyo alijihesabu kuwa shahidi. Karatasi ikidanganya, alisema, uongo ni wangu pia, maana uji ni wangu.

Mwezi wa tisa mwaka wa tisini na saba, ubao ulijaa. Mkuu wa shule, Mwalimu Flavian, alitangaza kwamba Jumamosi ya tarehe ishirini kutakuwa na mahafali ya kidato cha nne, na siku hiyo hiyo mgeni rasmi atafungua maabara mpya. Chini yake palikuwa na karatasi ya Mwalimu Steven, mwalimu pekee wa sayansi, kijana mkimya: Jumatatu tarehe ishirini na mbili, kidato cha nne wote, somo la kwanza ndani ya maabara, kila mmoja aje na kitunguu.

Karatasi hiyo ya kitunguu Coleta aliisoma mara mbili. Mjukuu wake Debora alikuwa kidato cha nne. Msichana huyo aliachwa mikononi mwake na mama yake, aliyeolewa upya huko Izia mjini, na Coleta alikuwa amemlea kwa maharage, ukali na sala. Debora alitaka uuguzi, na chuo cha uuguzi kilitaka Baiolojia. Miaka yote iliyopita Mlenje haikuwa na maabara, basi wanafunzi wake walipewa mtihani mbadala: unaelezwa kwa maneno kilichoonekana, unajibu kwa kalamu. Mwaka huo, kwa sababu maabara ilikuwa inaezekwa, Mkuu aliwaandikisha kwa mtihani wa vitendo wenyewe. Ulikuwa umebaki mwezi mmoja. Hadubini, chombo kile cha kukuzia vitu visivyoonekana kwa macho, Debora aliijua kwa chaki tu, jinsi Mwalimu Steven alivyoichora ubaoni, na aliweza kukutajia kila kiungo chake bila kujua kama ni nzito au nyepesi.

Basi Alhamisi, mkokoteni wa ng'ombe wa mzee Shija ulipoingia uwanjani na masanduku matatu ya mbao, Coleta aliacha ufagio akaenda kupokea. Shija alikuwa Msukuma aliyehamia huko na ng'ombe wake miaka ya karibuni, na binti yake Minza alisoma darasa moja na Debora. Masanduku yalifunguliwa. Zilitoka hadubini nne, mizani, mirija ya kioo na chupa za dawa zenye vizibo. Coleta alifuta kila kitu kwa kitambaa safi, akapanga juu ya meza kama alivyoelekezwa, akafunga mlango. Jioni aliwaambia watu wote njiani kwamba vifaa vimefika. Usiku huo alikuwa mpole mpaka Debora akamuuliza kama anaumwa.

Jumamosi mgeni rasmi alifika saa tisa badala ya saa nne. Alikuwa mfanyabiashara wa mahindi kutoka mjini, mtu wa magari mawili na simu ya ofisini, ambaye kila mtu alijua anajipitisha kwa ajili ya uchaguzi ujao. Watoto walisimama kwenye vumbi na upepo saa tano nzima wakirudia wimbo ule ule. Alikata utepe, akaingia, akainamia hadubini isiyokuwa na kitu chini yake, akatazama kwa muda mrefu, akasema sayansi ni maajabu. Mkuu alipiga makofi. Wanafunzi walikuwa nje, nyuma ya kamba, wameambiwa wasubiri Jumatatu wasije wakachafua. Kisha wakubwa walikwenda kula migebuka iliyoletwa kutoka ziwani, na watoto wakala maharage. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema wahenga, lakini wahenga hawakuwahi kualikwa Mlenje.

Jumatatu, kabla ya kengele ya kwanza, Mkuu alimkuta Coleta ofisini akamwambia afungue maabara, vifaa vipakiwe. Coleta aliuliza vipakiwe kwenda wapi. Mkuu alisema, kama mtu anayetaja jambo dogo, kwamba ni vya seminari ya misheni kule ng'ambo ya bonde, viliazimwa kwa ajili ya sherehe, na leo ndiyo siku ya kuvirudisha. Mkokoteni ulikuwa umekwisha kuegeshwa nje.

Tumtendee haki Mwalimu Flavian. Hakuwa mwizi, wala hakuwa mvivu. Alivaa suti moja ya mitumba aliyoipiga pasi mpaka ikang'aa magotini, na kosa lake lilikuwa kwamba alipenda shule ionekane kuliko alivyopenda iwe. Ukimpa kuta atazipaka chokaa upande wa barabarani. Wakuu wa namna hiyo nchi ilikuwa imeanza kuwapata kwa wingi, na ilikuwa ikiwapandisha vyeo.

Coleta alimuuliza vipi kuhusu kitunguu. Mkuu hakuelewa. Coleta alimwonyesha dirishani: kidato cha nne walikuwa wamejipanga mbele ya maabara, arobaini na moja, kila mmoja na kitunguu mkononi, wengine nusu kitunguu maana vilikuwa ghali. Debora alikuwa wa tatu kutoka mbele. Mwalimu Steven alisimama pembeni yao na chaki mfukoni, naye alikuwa amepata habari dakika hizo hizo, na uso wake ulikuwa umesawijika.

"Karatasi ile niliibandika mimi," Coleta alisema.

Mkuu alimjibu kwamba itabanduliwa, si tatizo.

Hapo ndipo ilipopanda. Si ile hasira yake ya kila siku, ya choo na ya misa, ambayo watu walizoea kuicheka. Hii ilimfanya anyamaze, na waliomjua wanasema afadhali angetukana kwa Kifipa na Kiswahili. Alitoka bila kufungua chochote. Alipita mbele ya wale watoto bila kumtazama mjukuu wake. Alikwenda hadi kwenye mkaratusi, akaokota chuma chake, akaipiga ile ringi mfululizo, bila kupumzika, mpaka mkono ukafa ganzi, akabadilisha mkono.

Watu walikuja. Walikuja na ndoo, na majembe, na mmoja na blanketi lililolowa. Walizunguka mabweni wakitafuta moshi, hawakuuona, wakaja kusimama mbele ya maabara wakihema, na baadhi walianza kukasirika. Coleta alisimama mlangoni, funguo zimefungwa kwenye pindo la kanga, akawaeleza kwa maneno machache: vifaa vile ni vya kuazima, vinaondoka sasa hivi, na watoto hawajavigusa. Waliokuwa na watoto kidato cha nne walielewa kabla hajamaliza.

Mkuu alijaribu kwa upole. Alisema vitu si vyetu, vina wenyewe, na ahadi ni deni. "Mnataka misheni watuite wezi?" aliuliza.

"Na Jumamosi tulikuwa nani?" Coleta alimuuliza. "Nguo ya kuazima haisitiri matako, Mkuu. Umemvisha mgeni macho, watoto umewaacha uchi. Ufunguo huu sikupi mpaka kila mtoto aliyeko hapa aweke kitunguu chake mle ndani akitazame."

Mkuu alimgeukia Shija, akamwambia awashike ng'ombe vizuri, mlango utavunjwa ikibidi, mzigo upakiwe. Shija alikuwa mtu asiyependa maneno, na katika kijiji cha Wafipa alijua kwamba mgeni mwenye ng'ombe wengi hahitaji kujitafutia maadui. Alimtafuta kwa macho binti yake Minza kwenye mstari. Kisha akaenda mbele ya mkokoteni, akafungua nira, akawaachia ng'ombe wakale majani ya uwanja wa mpira.

"Hawa wamechoka leo," alisema.

Walikaa hivyo mpaka karibu na adhuhuri, hakuna aliyeondoka. Ndipo pikipiki ilipopanda kutoka bondeni. Alikuwa Bruda Isdori, mlezi wa maabara ya seminari, aliyekuja kuona kwa nini masanduku yanachelewa. Watu walimpisha wameinamisha vichwa, maana sasa mwenye mali amefika, na hata Coleta alijua kwamba kwa huyu hana hoja. Alimwamkia, akamweleza yote, naye Bruda akasikiliza bila kuvua kofia ya pikipiki. Coleta alipomaliza, Bruda alimtazama Mkuu.

"Barua yenu iliomba siku mbili," alisema. "Nilituma kuuliza kama zinatosha. Nilijibiwa zinatosha."

Mkuu alinyoosha koti la suti yake.

"Mngeniambia hadubini ni za mtihani, ningewaachia mpaka watoto wamalize. Sisi tunazo kumi na mbili."

Hata wenye ndoo waliziweka chini. Coleta alikuwa amejiandaa kupigana na misheni, na serikali, na umaskini, na kumbe hapakuwa na mtu wa kupigana naye. Neno moja tu lilikuwa limekosekana, neno la kuomba, na mtu mzima mwenye suti alilimeza. Coleta alimuuliza Mkuu kwa nini. Mkuu alisema kwa sauti ndogo, kama mtoto aliyejikojolea, kwamba aliona aibu wajue shule yetu haina kitu.

"Tulijua," alisema Bruda. "Nani asiyejua?"

Kuna watu ambao hasira yao ingeishia pale, wakamwonea huruma. Coleta hakumwonea huruma, na miaka mingi baadaye, ukimtajia, bado hamwonei. Alisema aibu ya mtu mmoja isigharimiwe na watoto arobaini na moja. Kisha akafungua pindo la kanga, akafungua mlango, wakaingia kumi kumi na vitunguu vyao. Bruda aliondoka na pikipiki yake tu, vifaa akaviacha mpaka mtihani uishe. Debora alipotoka alikuwa na machozi, na alisema ni kwa sababu ya kitunguu.

Keshoye asubuhi Coleta alikuta karatasi juu ya meza ya ofisi, imepigwa chapa na kugongwa muhuri. Aliisoma kwa kidole. Ilisema kwamba kwa kupiga kengele ya hatari pasipo hatari, mhudumu Coleta ameondolewa jukumu la kengele kuanzia tarehe hiyo, na kazi hiyo itafanywa na viranja kwa zamu. Ilisema tangazo libandikwe mahali pa wazi.

Alirudia kuisoma toka juu. Halafu akatoa kopo lake, akaipaka uji pembe zote nne, hata katikati, akaibandika ubaoni imenyooka kuliko zote, maana hiyo angalau ilikuwa ya kweli. Karatasi ya kitunguu iliyokuwa pembeni yake hakuibandua. Nayo ilikuwa imekwisha kuwa kweli.

Kuhusu funguo, karatasi haikusema kitu. Alizikaza kwenye pindo la kanga, akaenda kufungua maabara.